Sura ya Saba: Tarumbeta Chini ya Msalaba wa Mundu

"Usikanyage hapo, Inspekta. Hapo ni karne ya kumi na tano."

Inspekta Ottilie Sperl alirudisha mguu nyuma. Mbele yake palikuwa na shimo la mraba, limechimbwa kwa unadhifu wa kaburi la mtoto, na ndani yake alikuwa amepiga magoti Dokta Henrike Oldag, mwanaakiolojia, mwiko mkononi, tope hadi mapajani. Kando ya shimo, juu ya mbao mbili, ulilazwa msalaba wa granaiti. Ulikuwa mfupi na mnene, mkono mmoja umemeguka ncha, na kifuani pake pamechongwa mundu. Watu wa kijiji cha Wolmersreuth waliuita Msalaba wa Mundu. Ulikuwa umesimama kwenye kona ile tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka, na sasa barabara ilikuwa inapanuliwa, kwa hiyo ulikuwa unasogezwa hadi ukingoni mwa shamba.

"Umenitoa mjini Weiden kwa ajili ya karne ya kumi na tano?" Ottilie aliuliza. "Muuaji wa wakati huo nadhani nimechelewa kumkamata."

"Huyo alijisalimisha mwenyewe." Oldag alijifuta pua kwa kiwiko. Alikuwa mtu wa Lübeck, kaskazini kabisa mwa Ujerumani. Wanakijiji walimwita Mprusi, jina wanalowabandika watu wote wa kaskazini, mbele ya uso wake, naye aliwaita wala matonge mbele ya nyuso zao, na kwa namna hiyo walielewana. "Mtu alimuua mwenzake kwa mundu wakati wa mavuno. Koo mbili zikaketi, zikapatana badala ya kulipizana. Muuaji akapewa mzigo wake. Asimamishe msalaba wa jiwe pale damu ilipomwagika. Aende kuhiji kwa miguu. Atoe nta ya mishumaa ya marehemu. Nyumba ya marehemu isikose chakula wala kuni. Mwisho wa yote akaja hapa, mbele ya watu, akalala kifudifudi miguuni pa ndugu wa marehemu, nao wakamwinua kwa mkono. Wakishamwinua, damu imekwisha."

"Na wasipomwinua?"

"Sijasoma popote kwamba walikataa. Lakini walioandika habari hizo walikuwa makarani. Hawakuwa akina mama."

Alitoka shimoni, akamkabidhi Ottilie brashi na kumwonyesha mguu wa msalaba, ile sehemu iliyokuwa imefukiwa ardhini.

"Futa mwenyewe. Nilitaka uone, usiambiwe tu."

Ottilie alifuta. Udongo ulianguka kidogo kidogo, na mchongo ukajitokeza, mdogo kama kiganja. Lilikuwa tarumbeta. Si lile jembamba la jeshini, bali lile nene linalokumbatiwa kifuani, mdomo wake ukitazama juu.

Kila polisi wa wilaya ile alijua tarumbeta lilimaanisha nani kwenye kona hiyo. Veit Hofbeck, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa akirudi kwa baiskeli kutoka mazoezi ya bendi, tarumbeta mgongoni, ukungu umetanda. Gari likamgonga hapo, likaendelea na safari. Walimkuta asubuhi. Mwendesha mashtaka aliiita kesi hiyo kuua bila kukusudia, na kesi ya namna hiyo sheria huipa miaka mitano tu ya kumshtaki mtu; ikipita, hashtakiwi tena. Miaka mitano ilikuwa inatimia Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

"Lini?" hatimaye Ottilie aliuliza.

"Sasa unauliza swali langu." Oldag alielekeza mwiko kwenye ukuta wa shimo. "Udongo huu mweusi ulioshikana, ndilo shimo la kwanza, la watu wa mundu. Ndani yake unaona huu uliolegea, wa kahawia? Hilo ni shimo la pili. Kuna mtu aliung'oa msalaba, akauchonga mguuni, akaurudisha na kuufukia. Na chini kabisa, pale jiwe lilipokalia, nimekuta hiki."

Kilikuwa kizibo cha bia. Juu yake palionekana nembo ya zimamoto wa Wolmersreuth.

"Bia ya jubilei yao," Oldag alisema. "Ilitengenezwa kwa sherehe ile tu, kiangazi baada ya kijana kufa. Kizibo kiko chini ya jiwe, basi jiwe limekuja baada ya kizibo. Ndiyo elimu yangu yote, Inspekta. Cha chini kimetangulia."

"Basi ni ndugu yake. Au rafiki. Mtu aliyempenda."

"Labda. Mimi nashughulika na mawe. Wanaolia ni kazi yako."

*

Kreszenz Hofbeck, mama yake Veit, alikuwa jikoni akinyonyoa bata bukini. Manyoya yalikuwa yamejaa kwenye beseni na mengine yameganda mikononi mwake. Jiko la kuni lilikuwa likinguruma. Juu ya kabati, mbele ya picha ya Veit, uliwaka mshumaa mnene wa nta.

"Salamu za Mungu, mama Zenzi."

"Salamu za Mungu. Wewe huji kwangu ila una jina la aliyemgonga au unataka kahawa." Hakuinua kichwa. "Kahawa iko pale."

Ottilie aliiweka simu mezani, picha ya mchongo ikionekana. Mama Zenzi aliinama, akaangalia kwa muda mrefu. Alitaka kuigusa, akakumbuka manyoya, akarudisha kidole.

"Hili ndilo lenyewe," alisema.

"Lenyewe lipi?"

"Hesabu vibonyezo. Vinne. Kwenye mti ulio pale konani tuliweka ubao wa ukumbusho, na mchoraji akachora tarumbeta lenye vitatu kwa sababu matarumbeta ya bendi yote yana vitatu. Hili la vinne ni la Alban Rösch, kiongozi wa bendi, baba wa ubatizo wa Veit. Alimwazima siku ileile aliyogongwa, apigie wimbo wa Jumapili ya kuwakumbuka wafu wa vita. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwona mwanangu amelishika. Nililiona ninyi mlipoliacha hapa mezani, limepondeka kama kopo."

"Kwa hiyo waliolijua ni wanabendi na sisi polisi."

"Na yeye aliyeligonga."

Ottilie alijimiminia kahawa. "Nilidhani mmoja wenu alichonga. Kaka yako, au binamu zake. Kwa kumkumbuka."

Mama Zenzi alimwacha bata. Alimtazama Inspekta kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Wewe umezaliwa huku kwetu, au ulishushwa na lori? Mwenye kulia huweka ubao. Ubao, rangi, jina, maua, watu wapite wamwombee. Sisi tuliweka wetu mtini. Jiwe halikuwekwa na mwenye kulia hata siku moja. Jiwe ni la aliyefanya."

Kuni zilipasuka ndani ya jiko.

"Aliyechonga hapo," mama Zenzi alisema polepole, "ndiye aliyeniulia."

Alisimama, akafungua mlango wa jiko, akatupa kipande kingine cha kuni ndani, akaufunga kwa kishindo.

"Sikuombi umfunge maisha. Veit hatanirudia kwa mtu kukaa gerezani. Lakini kila Jumapili watu hunipa mkono mlangoni mwa kanisa, nami nawapa wangu. Nataka kujua mkono ninaoushika ni wa nani. Niletee jina, Ottilie. Kabla hawajaniambia kwamba halihitajiki tena."

*

Jina lililokuwa midomoni mwa kijiji kizima lilikuwa la Kilian Zrenner. Wakati Veit anakufa, Kilian alikuwa mwanafunzi wa uchongaji mawe, mlevi kidogo, aliyezoea kuendesha gari la baba yake bila leseni. Gari lile lilipekuliwa hadi chini ya mazulia na halikutoa kitu. Kijiji hakikuhitaji kitu. Waliacha kumsalimia, kisha wakaacha kumwagiza kazi baba yake, naye Kilian akahamia Weiden. Ottilie alimkuta kwenye karakana ya mawe ya makaburi, kavaa miwani ya kuzuia vumbi, akichonga herufi za jina la mtu.

"Nani kafa tena mnitafute mimi?" aliuliza bila kuzima mashine.

"Zima. Nataka macho yako tu."

Alizima, akachukua simu. Aliikuza picha, akaisogeza huku na huku. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Mmeona mchongo, mkasema mchongaji ni nani, mkanikumbuka. Hongereni."

"Ni kazi yako?"

"Ningekuwa mimi ningeona haya. Huyu hajawahi kushika tindo. Amepigapiga kwa bisibisi au kitu kama hicho, kwenye granaiti, lazima mikono ilimtoka damu. Ona mstari unavyochubuka." Halafu akaisogeza picha karibu na uso. "Lakini kuna kitu."

"Sema."

"Mimi nikichonga, napiga jiwe linavyotaka. Hapa nagonga mara tatu haraka, pale moja, napumzika. Huyu amepiga sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nafasi kati ya tundu na tundu ni ileile. Kama saa. Kama mtu aliyekuwa akihesabu kichwani."

Ottilie aliitazama picha upya. Kilian alimrudishia simu na kushusha miwani yake.

"Mkimpata," alisema, "msije kuniomba radhi hapa kazini. Nendeni mkaniombe kule kijijini, kwa sauti, watu wakiwa wametoka kanisani."

Akawasha mashine.

*

Asubuhi ya Jumamosi mvua ilikuwa ikinyesha. Mzee Wunibald Gassner alikuwa barazani kwake akisafisha bunduki. Mzee huyo alikuwa na vyeo viwili Wolmersreuth: mwindaji mwenye msitu, na mtunzaji wa misalaba na vibanda vya sala vya njiani. Msalaba ukiinama baada ya majira ya baridi, yeye ndiye aliyeunyoosha.

"Watu wa Weiden hamwezi kuegesha gari bila kuua kabichi ya mtu," alisema.

"Nitakununulia kabichi. Niambie juu ya Msalaba wa Mundu, mzee. Mwaka wa jubilei ya zimamoto uling'olewa."

"Uling'olewa ndiyo. Ulikuwa umelala kama mlevi. Barafu inafanya hivyo."

"Uling'oa wewe?"

"Mgongo wangu ulikuwa umekwisha. Alban alijitolea. Alban Rösch. Alikuja na trekta, akaupeleka ghalani kwake wiki nzima kuusafisha, akaurudisha. Tulikuwa tumetoka kwenye sherehe, tukampelekea bia palepale shimoni. Tulimpigia makofi. Baba wa ubatizo wa marehemu, anatunza mahali alipofia mtoto wake. Wanawake walilia."

"Hakuna aliyeuliza kwa nini awe yeye?"

"Msalaba umeinama, mtu anaunyoosha. Uulize nini?"

Ottilie alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Gari la Alban lilikuwa na taa iliyovunjika wiki ile Veit alipokufa. Tuliliandika. Alisema amegonga kulungu upande wa pili wa msitu. Tukakuuliza wewe, kwa kuwa kulungu wa msitu ule ni wako. Ulisema umemwona."

Mzee aliendelea kusugua mtutu ambao tayari uling'aa.

"Nilisema."

"Ulimwona, mzee Gassner?"

"Alban alisema kulungu alijikokota akaingia msituni."

"Sikuuliza Alban alisema nini."

"Sasa wewe mtoto wa watu!" Mzee alitupa kitambaa. "Mtu nimemjua tangu anatambaa. Amepiga tarumbeta kwenye harusi yangu na kwenye mazishi ya mke wangu. Anakuja ananiambia, Wunibald, nimegonga kulungu. Nimwambie nionyeshe damu? Huku hatuishi hivyo. Kila mwindaji hapa akiambiwa na jirani amegonga kulungu, husema ndiyo, nimemwona, ili bima isimsumbue mtu. Hivyo ndivyo ilivyo. Kisha analeta kreti ya bia, basi."

"Hatukuwa watu wa bima. Tulikuwa polisi, na mtoto alikuwa amekufa."

"Alikuja kijana mgeni, kavaa viatu vya mjini. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote."

"Na Kilian Zrenner?"

Mvua iligonga bati la baraza. Mzee Gassner alitazama bustani yake.

"Kilian alikuwa mhuni," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Kilian hakuwa na taa iliyovunjika." Ottilie aliinuka, kisha akageuka. "La mwisho. Alban amewahi kwenda kuhiji kwa miguu?"

"Sote huenda Altötting, wakati wa Pentekoste, bendi ikitangulia na soseji zikifuata." Mzee alisugua macho. "Ila yeye alikwenda tena peke yake. Mwezi wa pili, theluji magotini. Tulimcheka sana baani. Tulisema anamkimbia mkewe."

Ottilie aliketi ndani ya gari, maji yakiteremka kwenye vioo, akapiga simu.

"Mama Zenzi, swali dogo tu. Ule mshumaa mbele ya picha, ulinunua wapi?"

"Sikununua. Nililetewa kutoka Altötting. Kila mwaka huwa..."

Alikatisha. Ottilie alisikia jiko likinguruma nyuma ya sauti ile.

"Na kuni unazochoma," Ottilie aliuliza kwa upole, "nani hukupasulia?"

Simu ikakatwa.

*

Bendi ilikuwa ikifanya mazoezi kwenye ukumbi ulio juu ya kituo cha zimamoto, kwa ajili ya Jumapili ya wafu wa vita. Ottilie alisimama mlangoni. Kwenye mstari wa pili kiti kimoja kilikuwa kitupu, na juu yake palikuwa na utepe mweusi. Alban Rösch alisimama mbele, mwanamume mrefu wa miaka hamsini na kitu, mkono wake ukipanda na kushuka. Haukutetereka. Haukuharakisha wala kuchelewa. Ottilie aliutazama mkono ule, akayakumbuka maneno ya Kilian juu ya matundu yaliyolingana.

Alban alimwona. Mkono ulisimama hewani. Bendi ikafa vipande vipande, tuba ikiwa ya mwisho.

"Jamani, inatosha," alisema. "Nendeni mkanywe, kwa hesabu yangu."

"Kiongozi analipa!" mtu wa ngoma alipaza sauti. "Inspekta, njoo kila wiki!"

Waliteremka ngazi wakicheka. Ottilie alisubiri mpaka mlango wa chini ulipofungwa. Kisha akaweka kizibo cha bia kwenye stendi ya noti za muziki, ndani ya mfuko wake wa plastiki.

"Kilikuwa chini ya jiwe," alisema.

Alban alikiangalia. Alivuta kiti, si kile chenye utepe, akaketi.

"Waliposema barabara inapanuliwa nilijua Mprusi atachimba vizuri," alisema. "Nilitaka achimbe. Nilitaka pia asichimbe."

"Kwa nini ulichonga mahali pa kufukiwa?"

"Juu ningekuwa natafuta sifa. Chini palikuwa kati yangu na yeye."

"Chini palikuwa salama pia."

Alban aliinamisha kichwa. "Ndiyo. Chini palikuwa salama."

"Nieleze usiku ule."

"Tulimaliza mazoezi, tukanywa. Nilikunywa kuliko wote, kwa sababu kijana alikuwa amepiga vizuri. Nilijisifu kwa kila mtu, mnasikia, huyo ni mtoto wangu wa ubatizo. Ukungu ulikuwa mzito. Pale kwenye kona sikuona kitu. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

Alipitisha kiganja kwenye mdomo, kama mtu anayefuta mate ya tarumbeta.

"Shaba. Nilijiambia ni kulungu. Nimejiambia hivyo kila siku, hata nikamwambia Wunibald. Lakini kulungu hana shaba, Inspekta. Nimelipuliza tarumbeta lile tangu ujana wangu. Ningeitambua sauti yake popote."

"Aliishi hadi karibu na alfajiri."

"Najua. Siku ya mazishi daktari alikuwa akimweleza mtu nyuma yangu, nami nikiongoza bendi. Sikukosea hata mdundo mmoja. Nani anaweza kufanya jambo kama hilo na akaendelea kujiita mtu?" Aliinua uso. "Nimefanya yote waliyofanya wa zamani. Jiwe, nimechonga. Safari, nimekwenda. Nta, kila mwaka. Kuni, hajawahi kukosa kuni. Sijapunguza kitu."

"Umefanya yote yasiyohitaji jina lako," Ottilie alisema. "Jina lako alilibeba Kilian Zrenner."

Hilo lilimpata. Mabega yake yalishuka kama koti lililotolewa kwenye kulabu. Chini, baani, walikuwa wameanza kuimba.

"Nimeshampigia mwendesha mashtaka, na kesi imefunguliwa," Ottilie alisema. "Jumapili haikusaidii tena. Twende."

"Limebaki moja," Alban alisema. "La mwisho. Kwenda mbele yake. Sikuliweza. Nilifika na trekta la kuni, nikajiambia leo, nikapakua, nikanywa kahawa yake, nikarudi nyumbani. Niruhusu kabla hujanipeleka."

Sheria haikusema lolote juu ya jambo lile. Ottilie alifikiria wimbo uliosikika chini yao, na kiti chenye utepe, na mwanamke aliyekata simu.

"Utakaa kiti cha nyuma," alisema.

*

Waliona tangu barabarani. Uwanja wa akina Hofbeck ulikuwa umejaa kuni. Kibanda kilikuwa wazi na kitupu, na mzigo wake wote, uliopasuliwa vizuri na kukaushwa, ulikuwa umetupwa kwenye tope, hadi kwenye vitalu vya maua, hadi langoni. Mvua ilizilowesha. Juu ya lundo palikuwa na mshumaa wa nta uliovunjika vipande viwili.

Mama Zenzi alisimama kwenye ngazi ya mlango. Mikono ilikuwa imechubuka, nywele zimemwangukia usoni, na kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka kwa kazi aliyoifanya. Hakusalimia.

Alban alipita katikati ya kuni zake. Alisimama chini ya ngazi. Kisha akapiga magoti, akajishusha, akalala kifudifudi kwenye tope, mikono imenyooshwa mbele, paji la uso chini.

"Kreszenz," alisema, na tope likanyamazisha nusu ya jina. "Ni mimi. Mimi nilimgonga. Nikamwacha."

Ottilie alibaki langoni. Alimwona mama Zenzi akishuka ngazi, moja, nyingine, mpaka viatu vyake vikawa karibu kabisa na vidole vya yule mwanamume. Mkono wake wa kulia ulitoka mfukoni. Uliteremka kidogo, ukakaa hapo hewani, juu ya mgongo uliolowa.

Jirani alikuwa ametokea dirishani, na mwingine kwenye lango la upande wa pili.

Mkono ulirudi mfukoni.

"Mwanangu alilala chini hivyohivyo," mama Zenzi alisema. Hakupaza sauti. "Kwenye baridi, uso chini, hadi kunakucha. Alisubiri mtu amwinue. Wewe ndiye uliyekuwa karibu." Akavuta pumzi. "Inuka mwenyewe, Alban."

Alipanda ngazi, akaingia, akafunga mlango.

Ilimchukua Alban muda kuinuka. Aliteleza mara ya kwanza, akashika kipande cha kuni, akasimama akiwa mweusi kuanzia kidevu hadi magoti. Ottilie hakumpa mkono. Alimfungulia mlango wa gari tu.

Alipokuwa anageuza gari langoni, alitazama nyumba kwenye kioo. Jioni ya baridi ilikuwa inashuka, na mapaa yote ya Wolmersreuth yalitoa moshi. Paa moja, lile la kwenye kioo, halikutoa.